Soketi Isiyo na Mwenzake

Kila asubuhi ya likizo Wafaa alikuwa na kazi tatu kabla jua halijapanda: kufagia uwanja, kumpelekea chai Mjomba Hisham gereji, na kusikiliza makatazo ya mama yake. Ile ya tatu ndiyo iliyokuwa ikichukua muda mrefu kuliko zote.

"Usikae chini ya gari iliyopigwa jeki," alisema Bi Basma, pini mbili zimo mdomoni na cherehani iko mbele yake. Alikuwa mshonaji, na mwezi wa Mfunguo Mosi, watu wakishatoka kwenye Ramadhani na kuanza kuozana, cherehani yake haikupoa. "Usiguse betri. Usiguse waya usioujua. Ukiona moshi njoo mbio, usisimame ukauangalia kama unaangalia ngoma. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Nimesema nini?"

"Nisiangalie ngoma."

Bi Basma alizitoa pini mdomoni ili apate nafasi ya kukasirika, lakini kicheko kikatangulia. "Nenda, chai inapoa. Huyo mjomba wako atasema dada yake kamnyima."

Wafaa alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na hati yake ilikuwa nzuri mpaka walimu wa skuli wakimpa chaki awaandikie ubaoni. Alishika birika mkono mmoja na sahani ya mandazi mkono wa pili, akapita uchochoro wa nyuma ya nyumba.

Gereji ya Mjomba Hisham ilikuwa banda la bati tu, pale Kiembe Samaki, si mbali na uwanja wa ndege. Ndege zilipita juu yake karibu mno, bati likatetemeka. Wenyewe walikuwa wameshazoea. Ndege ikija, kila mtu hunyamaza palepale alipofika, nyundo iko juu au kikombe kiko mdomoni, na ikishapita humalizia neno lake kama kwamba halikukatwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Mara," alisema Mjomba Hisham, ndege ikapita. Wafaa akasubiri na birika lake. "Haba. Weka hapo. Leo nna shida na hati yako."

Mbele yake palikuwa na gari moja na nusu. Ile nzima ilikuwa gari nyeupe ya mizigo ya Bi Wanu, mpishi wa biriani za harusi, ambayo injini yake ilikufa tangu katikati ya Ramadhani. Ile nusu ilikuwa kipande cha mbele cha gari iliyogongwa huko Dubai, kimeletwa kwa meli na injini yake ndani. Mjomba alitaka kuitoa injini hiyo na kuitia kwenye gari ya Bi Wanu.

"Kuhamisha chuma si tabu," alisema, akichovya andazi kwenye chai. "Tabu ni nyaya. Injini ya Bi Wanu ilikuwa ya kabureta, ukiipa mafuta na moto inakwenda. Hii inaamrishwa na kompyuta." Akagonga kwa kidole kisanduku cha bati kisichozidi ukubwa wa daftari. "Hiki kikiungua, Unguja nzima hatupati kingine. Mpaka tuagize Dubai tena, na harusi ya Mangapwani ni Jumamosi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Wakaanza kazi. Mjomba alichomoa soketi moja moja, akataja jina lake, na Wafaa akaliandika juu ya kipande cha plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda, kisha akakizungushia kwenye waya wake. Pampu ya mafuta. Nozeli ya kwanza. Nozeli ya pili.

"Kila soketi ina mwenzake," alieleza Mjomba. "Moja iko kwenye waya, moja iko kwenye kifaa. Ukiwatenganisha, lazima uandike nani wa nani, ndiyo utaweza kuirejesha nyumba ya watu kama ulivyoikuta."

Baadaye alifikia soketi ndogo ya matundu mawili iliyobanwa pembeni peke yake, imefunikwa kifuniko cha mpira. "Hii ni ya kuulizia. Hii haina mwenzake. Iandike vizuri, nitakwambia kazi yake."

Hakupata nafasi ya kumwambia, kwa sababu Bi Wanu aliingia, buibui limefungwa kiunoni, sauti imemtangulia.

"Hisham, niambie kweli. Nimtafute punda?"

"Punda wa nini, Bi Wanu?"

"Wa masufuria. Nshauliza gari za kukodi mjini kote, zote zimeshikwa na maharusi. Hata yule wa gari ya mkaa kanambia Jumamosi anabeba bwana harusi."

Mjomba alicheka. "Jumamosi utakwenda kwa gari yako, in shaa Allah."

Bi Wanu hakucheka. Alikaa juu ya tairi, akajipepea kwa ncha ya mtandio. "Mama yake yule bi harusi alikuwa shoga yangu. Alipokuwa kitandani aliniambia, Wanu, mwanangu akiolewa umpikie wewe. Nikamwambia nitampikia. Siku ya pili akafa. Sasa nikose kufika kwa sababu ya gari?"

Mjomba aliinuka, akakamata spana yake. "Utafika," alisema.

Kazi iliendelea mpaka alasiri. Zilibaki soketi nane, plasta ikamalizika. Mjomba alikuwa ameshainama upande wa pili akilegeza boliti, na Nunu, rafiki yake Wafaa, alikuwa amesimama kwenye uchochoro, mpira wa soksi mkononi.

"Wafaa, tunakungoja. Nage haichezwi na mtu mmoja."

"Nakuja."

"Nakuja yako tangu adhuhuri. Au ushakuwa fundi, hutaki tena kucheza na sisi?"

Plasta nyingine ilikuwa kwa mama, kwenye kijaluba cha dawa. Lakini Wafaa alimjua mama yake. Angeingia kutafuta plasta, angetoka na ndoo ya maji. Barazani kwa jirani alikuwa amekaa Bi Mwanapili, bibi wa Kitumbatu aliyekuwa akisuka mikeka, amesinzia na ukili mkononi. Miyaa yake, zile chane za ukindu za kusukia, aliyoitia rangi ilikuwa imeanikwa kwenye kamba: myekundu, kijani, zambarau, ya machungwa na mingineyo. Wafaa akachomoa michache. Akafunga mwaa mmoja kila soketi, rangi mbalimbali, na nyuma ya daftari lake akaandika: nyekundu, feni. Kijani, sensa ya maji. Zambarau, ya kuulizia. Na nyingine tano vivyo hivyo.

Akajiona mjanja. Akaenda kucheza nage mpaka jua likataka kuzama.

Siku ya pili hakuitwa, akacheza tena. Jumatano asubuhi alipokwenda na chai alikuta lile fungu zima la nyaya limelazwa juu ya gunia, safi, halina hata tone la oili.

"Nimeziosha jana kwa petroli," alisema Mjomba kwa furaha. "Plasta zako zimeshika barabara. Sasa hii miyaa unaijua mwenyewe. Nibandikie majina, nianze kuunga." Akamtupia bunda jipya la plasta, akaenda zake kumwagia maji rejeta.

Wafaa alichuchumaa, akaitazama miyaa. Petroli ilikuwa imekula rangi yote. Minane ilikuwa sawasawa, rangi ya mchuzi uliolala. Daftari lilisema nyekundu, kijani, zambarau. Kwenye gunia hapakuwa na nyekundu wala kijani wala zambarau.

Alikuwa na akili, akajaribu kukumbuka. Soketi tano alizijua kwa wingi wa matundu yake. Zilibaki tatu, zote ndogo, zote za matundu mawili: ya feni, ya sensa ya maji, na ile ya kuulizia, ambayo kifuniko chake cha mpira kilipotea kwenye kuoshwa. Alizigeuza huku na huku. Alimtazama mjomba wake, aliyekuwa akiimba kwa sauti mbaya huku akimimina maji. Neno moja tu lingetosha. Lakini neno hilo lingemfanya Mjomba aseme, plasta ilimalizika tangu Jumatatu na hukuniambia? Ukaenda kucheza?

Akakata shauri kwa vidole, kama watoto wanavyochagua nani atafute na nani ajifiche. Hii feni. Hii maji. Hii kuulizia. Akaandika kwa hati yake nzuri ileile, akabandika.

Plasta zikawa nyeupe na safi, na uongo ukiandikwa vizuri husomeka kama kweli.

Alhamisi asubuhi Mjomba alikuwa anamalizia kuunga. Injini ilikuwa imeshakaa mahali pake. Gari ya Bi Wanu haikuwa na feni ya umeme tangu asili, kwa hivyo ilibidi avute waya mpya kutoka kwenye betri mpaka kwenye soketi ya feni. Alipoishika soketi yenyewe alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Miwani hiyo alikuwa na wiki tatu nayo, na bado ilimuwasha masikio.

"Wafaa."

"Naam, mjomba."

"Feni gani hii yenye waya mwembamba kama uzi? Una hakika hii ndiyo ya feni?"

Huo ndio ulikuwa mlango wake wa pili wa kutokea, uko wazi kabisa. Wafaa aliutazama, akaupita.

"Naam," alisema.

"Haya. Wajapani wana mambo yao." Mjomba akaunga, akafunga tepu, akaivisha betri nyaya zake.

Hapakuwa na mlio. Moshi mwembamba tu ulijitokeza baina ya nyaya, mweupe, unapanda taratibu, na harufu ya plastiki ikajaa banda zima. Mjomba aliruka, akaung'oa waya wa betri kwa mkono mtupu, akapiga kite, akatia vidole viwili kwenye ndoo ya maji. Na Wafaa, aliyeonywa kila siku ya Mungu, alisimama akiutazama moshi kama anatazama ngoma.

Bi Basma alifika na mkasi mkononi kabla harufu haijafika nyumbani kwake. "Nilisema. Sikusema? Yuko wapi mwanangu? Una vidole vyako vyote?"

"Mimi mzima, mama. Mjomba ndiye aliyeungua."

"Nimebabuka tu," alisema Mjomba. "Fyuzi imewahi kukatika." Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyebabuka tu. Alikuwa akikitazama kile kisanduku cha kompyuta. "Sijui kama iliwahi vya kutosha. Na siwezi kutia umeme tena mpaka nijue nimekosea wapi. Nikirudia kosa, hiyo ndiyo kwaheri."

Alichunguza saa kadhaa. Akapapasa nyaya, akasoma plasta, akafikia soketi ya feni, akasoma feni, akapita. Alipomaliza alianza upya. Ilipoadhiniwa alasiri alikuwa amekaa juu ya tairi alilokalia Bi Wanu, miwani iko mkononi.

"Basma," alimwambia dada yake aliyemletea maji ya ndimu, "nadhani ni macho. Nimeandikiwa kila kitu kwa hati ya kitabu, na bado nimekosea. Sasa hivi nakwenda kumwambia Bi Wanu atafute njia nyingine. Na baada ya hapa gari za kompyuta sizishiki tena, nitabaki na vespa."

Wafaa alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Kuogopa kugombezwa ni jambo moja. Kumwona mtu anayekupenda akiyalaumu macho yake kwa kosa la mikono yako ni jambo jingine kabisa.

"Mjomba," alisema. "Si macho yako. Ni mimi. Miyaa ilitoka rangi, nikabahatisha."

Ndege ikapita. Bati likatetemeka, na maneno yote yakaenda nayo. Ilipotulia, Mjomba alikuwa akimtazama vilevile, na mama alikuwa akikunja mtandio.

"Ulikuwa unasema?" aliuliza Mjomba.

Wafaa alijua kwamba angeweza kusema, hapana, sikusema kitu. Ndege ingelichukua neno hilo mpaka Dar es Salaam na hapana ambaye angelijua. Akarudia tangu mwanzo.

"Nimesema si macho yako. Plasta ilimalizika Jumatatu, nikafunga miyaa ya Bi Mwanapili. Petroli ikaitoa rangi. Soketi tatu sikuzijua. Nikabandika majina hivi hivi. Uliponiuliza feni nikasema naam, na sikuwa najua."

Safari hii hapakuwa na ndege. Bi Basma alikaa chini kwenye mchanga bila ya kutandika kitu, yeye ambaye hakuwa akikaa hata kwenye jamvi bila kulikung'uta.

"Mwanangu," alisema hatimaye, sauti imeshuka, "mimi nakukataza moto kila siku. Kumbe moto wenyewe ulikuwa kwenye ulimi wako."

Kutoka kwenye baraza ya jirani ilisikika sauti ya Bi Mwanapili. "Basi ni wewe. Mie nkajua panya. Nkasema panya wa siku hizi wanapenda zambarau."

Mjomba hakutaka kucheka, lakini mabega yalimsaliti. Alivaa miwani, akamtazama Wafaa. Hakupiga kelele, na Wafaa aliona bora angepiga.

"Soketi zipi tatu?"

"Feni, sensa ya maji, na ile ya kuulizia."

Mjomba aliinuka kama aliyepunguzwa miaka kumi. "Ya kuulizia," alisema. "Loo. Hebu njoo hapa. Zitoe plasta zote tatu. Leo hatusomi majina, leo tunawauliza wenyewe."

Alichukua betri ya tochi, kibalbu na vipande viwili vya waya, akavifunga pamoja. Ukigusisha ncha mbili za waya uleule, kibalbu kinawaka. Ukikosea, hakiwaki. "Jina linaweza kupotea," alisema, "lakini waya hauna uongo. Ufuate uone unakwenda kwa nani."

Soketi ya kwanza waya zake zilikuwa nene, na moja iliishia kwenye kile kidude kinachowasha na kuzima feni. Hapo hapakuwa na shaka, hii ndiyo feni ya kweli, iliyokuwa imeandikwa kuulizia. Mbili zilizobaki zilikuwa nyembamba. Wafaa alishika ncha moja kwenye soketi ya pili, Mjomba akagusa nyingine kwenye plagi ya kompyuta.

"Inawaka?" aliuliza Mjomba.

"Inawaka. Na waya wake wa pili pia. Nyaya zake zote mbili zinakwenda kwenye kompyuta."

"Basi hiyo ni ya sensa ya maji. Uliandika sawa kwa bahati tu. Jaribu ya tatu."

Ya tatu waya mmoja ulikwenda kwenye kompyuta. Wa pili haukwenda. Mjomba aligusa ncha kwenye bodi ya gari, ambako umeme wote hurudi, na kibalbu kikawaka.

"Hii ndiyo niliyoipelekea umeme wa betri," alisema taratibu. "Umeingia na kurudi moja kwa moja, kama maji kwenye mfereji. Ndiyo maana ukatoka moshi."

"Mjomba," alisema Wafaa, ameisogeza soketi karibu na jicho. "Itazame ndani. Zile nyingine shaba yake ina mikwaruzo. Hii inang'aa, haijaguswa."

Mjomba aliipeleka kwenye mwanga, akaivua miwani, akaivaa. Uso ukakunjuka.

"Mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini," alisema, "na jambo hilo sijaliangalia. Bila shaka inang'aa. Zile zina wenzao, wanaingia na kutoka. Huyu ni mwari wa ndani, hajawahi kuolewa. Ndiyo alama yake: haina mwenzake, ina kifuniko, na ndani haina mkwaruzo. Kosa langu na mimi ni kwamba niliona waya mwembamba, nafsi ikanambia simama, sikusimama."

Jua lilikuwa bado halijashuka. Walikata ule waya wa betri, wakauunga kwenye feni ya kweli, wakabadilisha fyuzi. Kisha Mjomba alikunja kipande cha waya mfano wa kipini cha nywele, akampa Wafaa.

"Unganisha yale matundu mawili ya mwari. Mimi nitafungua swichi bila kuwasha injini. Kwenye dashibodi pana taa ndogo ya injini niliyoihamisha pamoja na kompyuta. Kompyuta ikiwa hai, taa itapepesa, na itatuambia inaumwa wapi. Ikiwa imekufa, haitopepesa kitu."

"Atashika waya?" aliuliza Bi Basma.

"Huu anaujua sasa, Basma. Na mimi niko hapa."

Bi Basma alishika upindo wa kanga yake kwa meno. Wafaa alitia kipini. Mjomba aligeuza ufunguo. Wote wanne, pamoja na Bi Mwanapili aliyeacha mkeka wake, waliinamisha vichwa kwenye dirisha la gari.

Taa haikuwaka.

Wafaa alimfikiria Bi Wanu juu ya tairi, na yule mama kitandani aliyeahidiwa.

Taa ikapepesa. Moja. Mbili. Tatu, nne, tano, sita. Ikazima. Kisha tena, sita.

"Iko hai," alisema Mjomba. "Hesabu tena."

"Sita, mjomba. Kila mara sita."

Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, aliyopewa na fundi Kheir wa Nungwi, aliyewahi kufanya kazi Dubai. Akaisoma kwa kidole. "Sita ni sensa ya maji. Waya wake umepita ubavuni mwa ule ulioungua." Wakafungua tepu, na kweli, waya wa sensa ulikuwa umeyeyuka ganda, shaba yake imegusana na ya ule ulioungua, mahali ambapo jicho lisingepaona mpaka Mfunguo Pili. Wakazibadilisha nyaya zote mbili.

"Yaani gari inasema yenyewe inaumwa wapi?" aliuliza Bi Mwanapili.

"Inasema, bibi. Ukijua pa kuiulizia."

"Basi imeshinda watu," alisema Bi Mwanapili, akamtazama Wafaa kwa pembe ya jicho.

Ijumaa asubuhi Bi Wanu alikuja akiwa tayari amevaa uso wa msiba. Hajauliza la punda, Mjomba akampa ufunguo. Injini iliguna mara moja, ikashika, ikanguruma sawasawa. Bi Wanu aliweka mkono juu ya usukani, na walipomtazama walikuta anajifuta machozi kwa mtandio.

"Moshi," alisema. "Moshi umeniingia machoni."

"Moshi ulikuwa jana, Bi Wanu," alisema Wafaa, na akamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, kabla hajaelezwa na mtu mwingine. Hilo Mjomba hakumwagiza.

Bi Wanu alimsikiliza. "Basi adhabu yako naikata mimi," alisema. "Kesho alfajiri uje na plasta yako uniandikie sufuria. Sitaki zabibu zikaingie kwenye achari."

Kabla ya hapo ilikuwako adhabu nyingine: jioni nzima ya Ijumaa Wafaa alikaa barazani kwa Bi Mwanapili, akatia rangi miyaa mipya, mikono ikawa zambarau mpaka viwiko. Nunu alipita na mpira wake, akamcheka, kisha akakaa kumsaidia.

Mjomba Hisham alikuja na chai yake akaketi karibu nao, na Bi Basma akaja na kitambaa cha kupinda.

"Sikiliza, Wafaa," alisema Mjomba. "Rangi kutoka si kosa lako. Hukujua petroli itaila, na kutojua si aibu. Hata mimi nilikuwa sijui kutazama mkwaruzo, mpaka uliponionyesha. Kosa lako ni kwamba hukujua ukaandika kama unayejua. Fundi hufanya kazi kwa maneno ya mwenziwe. Daktari pia, na nahodha pia. Ukimpa neno la kubahatisha, umemvua miwani."

"Na mimi naongeza," alisema Bi Basma.

"Tunajua," alisema Mjomba.

"Naongeza hivyohivyo. Mwanangu, mimi nitakugombeza ukikosea, sikufichi. Lakini ugomvi wangu unapita kama ndege hizi. Unanyamaza, inapita, unamaliza neno lako. Usiogope kelele za dakika moja ukaunguza nyumba." Alitia mkono kwenye mfuko wa gauni lake, akatoa bunda zima la plasta. "Haya, zako. Ikimalizika uje kwangu. Sitakupa ndoo."

"Hata kidogo, mama?"

"Labda ndoo ndogo."

Jumamosi alfajiri Wafaa aliandika sufuria za Bi Wanu. Nyama. Mchele. Zabibu. Achari ya maembe. Vitunguu. Sufuria ya sita ilikuwa imefungwa kwa kitambaa na kamba, na Bi Wanu alikuwa ameshaingia ndani kutafuta buibui lake. Ilikuwa nzito, na ilinukia kama sharubati, au kama rojo la biriani lenye zafarani. Wafaa aliinusa mara mbili. Nunu akamsukuma: andika rojo, tutachelewa.

Wafaa alikata plasta, akaandika kwa hati yake nzuri, akabandika. Bi Wanu alipotoka alizikagua moja moja, akafika kwenye ya sita, akasoma kwa sauti.

"Sijui. Aulizwe Bi Wanu."

Akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Kisha akaipakia sufuria hiyo mbele, karibu yake, akawasha injini, na gari nyeupe ikashika njia ya Mangapwani.